Wembe wa Mama: Historia ya Kunyolewa kwa Morani katika Nchi ya Kakesio

Wahenga wetu walisema kwamba mwenzako akinyolewa, wewe zako tia maji. Methali hii hutumiwa kumwonya mtu ajiandae kwa msiba au adhabu iliyokwisha kumfika jirani yake, na kwa hiyo ndani yake wembe ni chombo cha kutisha. Lakini iko methali nyingine ya wembe, nayo ni kwamba kinyozi hajinyoi. Hii haina kitisho. Yaeleza tu jambo lililo wazi, ya kuwa kichwa cha mtu hakitengenezwi sawasawa na mikono yake mwenyewe. Katika makala hii tunakusudia kuieleza desturi moja ya nchi yetu ambayo picha yake imeonwa na watu wengi duniani, na ambayo maana yake imefahamiwa na wachache: desturi ya morani wa Kimasai kufuga nywele kwa miaka, kisha kunyolewa kwa siku moja. Tutaifuata zaidi katika nchi ya Ngorongoro, upande wa Kakesio, nasi tutajaribu kuonyesha kwamba moyo wa desturi hii haumo katika urefu wa nywele, bali umo katika siku ya kuzikata na katika mkono unaozikata.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba Wamasai si peke yao katika kuzipa nywele kazi ya kuhesabu umri. Nywele huota bila ya kuamriwa, haziumi zikikatwa, na zikikatwa kila mtu huona. Kwa sababu hizo tatu zimefaa sana kuwa alama ya mwanzo na mwisho wa mambo. Katika mwambao, mtoto wa Kiislamu hunyolewa nywele alizozaliwa nazo siku ya saba, siku ya akika, na wenye uwezo hutoa sadaka ya fedha yenye uzito wa nywele zile. Mwenye kuhiji hunyoa au hupunguza nywele zake, ndipo atokapo katika ihramu. Katika makabila mengi ya bara, wafiwa hunyoa matanga yanapokwisha. Na kijana anayeingia Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, moja ya mambo ya kwanza anayokutana nayo ni wembe. Hivyo kila mahali kunyolewa ni kuambiwa: ulikuwa yule, sasa umekuwa huyu.

Kakesio iko kusini-magharibi ya Hifadhi ya Ngorongoro, ng'ambo ya Endulen, mahali ambapo nchi ya juu hushuka kuelekea Ziwa Eyasi na kuelekea kwa Wasukuma wa Meatu na Maswa. Katika nchi hiyo ndiko iliko Laetoli, ambako mwaka 1978 watafiti walioongozwa na Mary Leakey walifukua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili yapata miaka 3,660,000 iliyopita. Nyayo zile zilihifadhiwa na majivu ya volkano. Nywele hazina majivu ya kuzihifadhi. Anayetaka historia yake hana budi kuitafuta katika vinywa vya wazee na katika matendo ambayo watu bado wanayatenda.

Tena Kakesio ni nchi ya mpakani. Wamasai wake ni majirani wa Wasukuma, Wadatoga, Wahadzabe na Wairaqw. Wadatoga walikaa katika kreta ya Ngorongoro kabla ya Wamasai, wakasukumwa kwenda kusini katika karne ya 19, na makaburi ya wazee wao yangali huko. Mwaka 1959, Serengeti ilipotengwa iwe mbuga isiyokaliwa na watu, Wamasai waliokuwamo walitakiwa kutoka, wakapewa nyanda za Ngorongoro ziwe makao yao pamoja na wanyama. Katika nchi ya namna hiyo, yenye simba porini na wezi wa mifugo mpakani, morani hakuwa pambo. Alikuwa mlinzi wa ng'ombe na wa watoto, na nywele zake zilikuwa sare ya kazi yake.

Hebu sasa tuifuate sare hiyo tangu mwanzo. Mwanamke wa Kimasai aghalabu huweka kichwa chake kimenyolewa. Lakini akijifungua, huacha nywele zake ziote pamoja na za mtoto, hata ifike siku ya kumtoa mtoto nje na kumpa jina. Siku hiyo mama na mtoto hunyolewa wote wawili. Kwa hiyo wembe wa kwanza katika maisha ya Mmasai ni wembe anaoshirikiana na mama yake. Msomaji na aliweke jambo hili akilini, kwa maana tutalirudia.

Mtoto wa kiume akikua huwa layoni, mchungaji wa ndama kisha wa ng'ombe. Ifikapo zamu ya rika lake, hunyolewa kichwa na kutahiriwa. Muda wa kuuguza jeraha huvaa nguo nyeusi, na nywele huachwa ziote. Akisha kupona hunyolewa tena, na hapo ndipo anapohesabiwa kuwa morani. Tangu siku hiyo wembe haumgusi. Nywele hufugwa kwa miaka, husokotwa misuko myembamba myembamba, nyingine zikaelekezwa kwenye paji la uso na nyingine zikaangushwa mgongoni, zikapakwa mafuta yaliyochanganywa na udongo mwekundu hata zikang'aa.

Hapa pana jambo ambalo wapiga picha hawalioni. Morani hawezi kujisuka. Nywele zile husukwa na morani mwenziwe, ambaye hukaa nyuma yake saa nyingi, naye kesho humgeukia akasukwa vivyo hivyo. Kusukana huku ni sehemu ya sheria pana zaidi ya umorani. Morani hanywi maziwa peke yake; sharti awepo mwenziwe wa rika. Hali nyama iliyoonwa na wanawake walioolewa, bali huchinja na kula porini pamoja na wenzake. Miiko hii yaweza kuonekana kuwa mizigo, lakini shabaha yake ni moja: kumzoeza kijana asijione kuwa yeye ni yeye peke yake. Uzuri wa kichwa chake ni kazi ya mikono ya wenziwe, na tumbo lake haliwezi kushiba nyuma ya mgongo wao.

Zamani morani walikaa katika manyata yao, yaani kijiji maalumu walichojengewa na mama zao, ambao walihamia huko pamoja nao. Juu ya morani wako wazee walezi, walio wa rika la pili juu yao, ambao kwa Kimasai huitwa ilpiron, jina linalotokana na kijiti cha kupekechea moto, maana wao ndio waliowasha moto wa rika lile. Walezi hawa ndio wasemao kwamba sasa wakati umetimia. Basi hufanyika sherehe kubwa iitwayo eunoto, ambayo maana yake ni kupanda, kama mtu apandavyo mti. Hujengwa kijiji cha sherehe, na ndani yake nyumba kubwa ya ibada iitwayo osingira, nayo hujengwa na wanawake. Huteuliwa viongozi, na miongoni mwao ni olaiguenani, msemaji wa rika, na olotuno, aliyepandwa kwa niaba ya wote. Huyu olotuno hutafutwa kijana asiyekuwa na kilema wala lawama. Wala si cheo kinachokimbiliwa, kwa sababu inaaminiwa kwamba mwenye kukishika hubeba uzito wa rika zima.

Kisha huja siku ya wembe. Asubuhi morani huketi juu ya ngozi ya ng'ombe, na kwa desturi ni ile ile aliyotahiriwa juu yake. Mama yake husimama nyuma yake. Huzilowesha nywele kwa maji na maziwa, kisha huzinyoa. Zamani alitumia olmurunya, wembe wa chuma uliofuliwa na wahunzi wa Kimasai waitwao ilkunono. Siku hizi hutumia wembe wa dukani. Nywele za miaka mingi huanguka kwa muda mfupi. Kichwa kikiisha kunyolewa hupakwa mafuta na udongo mwekundu. Wako morani ambao siku hizo za eunoto hutetemeka mwili mzima na kuanguka, na wako waliao machozi waziwazi. Vijana hawa wamelala porini miongoni mwa simba wala hawakulia. Wanalia mbele ya mama zao kwa kuwa wanajua kitu wanachoachana nacho.

Baada ya hapo miiko huanza kulegezwa, hatua kwa hatua na kwa sherehe nyingine. Kijana huruhusiwa kuoa na kuwa na boma lake. Neno lake, lililokuwa neno la mkuki, huanza kuwa neno la kikao. Miaka ikipita atafikia olng'esherr, sherehe ya kuwa mzee kamili, na siku moja yeye naye atakuwa mlezi wa rika lililo chini yake, ndiye atakayesema kwamba wakati wa wengine umetimia.

Tuitazame basi maana ya tendo hili. Askari wa majeshi ya leo hunyolewa aingiapo jeshini. Morani hunyolewa atokapo. Majeshi hukata nywele ili kumfanya raia awe askari. Wamasai hukata nywele ili kumfanya askari awe raia. Ni nchi chache duniani zilizofikiria kwa makini namna ya kumrudisha nyumbani mtu aliyefundishwa kupigana. Kila vita vikiisha, mataifa makubwa hupata taabu na askari wao wa zamani, ambao wamevua sare lakini mioyo yao haikuvuliwa. Wamasai waliliona jambo hilo zamani, wakalitengenezea siku, na mahali, na mtu wa kulitenda.

Na mtu huyo ni mama. Wasomaji wa Biblia wanakumbuka habari za Samsoni, ambaye alinyolewa usingizini juu ya magoti ya Delila, na Delila alikuwa ameahidiwa fedha. Nguvu zikamtoka, akatiwa utumwani. Katika eunoto, kijana hunyolewa akiwa macho, mbele ya rika lake, na mwanamke ambaye hakulipwa na mtu. Nywele ni nywele na wembe ni wembe. Tofauti yote imo katika mkono. Yule aliyenyolewa pamoja naye siku ya kupewa jina ndiye anayemnyoa siku ya kupewa utu uzima. Mara ya kwanza alimtoa ndani ya nyumba akampeleka kwa watu. Mara ya pili anamtoa porini akamrudisha kwa watu wale wale.

Historia imeijaribu desturi hii mara nyingi. Mwishoni mwa karne ya 19 homa ya mapafu ya ng'ombe, sotoka na ndui viliwaangamiza Wamasai na mifugo yao hata wenyewe wakakiita kipindi hicho Emutai, yaani maangamizi. Oscar Baumann, Mzungu wa kwanza kuandika habari za kuingia katika kreta ya Ngorongoro, alipofika mwezi wa Machi 1892 alikuta watu wanakufa kwa njaa. Hata hivyo, Merker alipotoa kitabu chake kwa Kijerumani mwaka 1904, na Hollis cha kwake kwa Kiingereza mwaka 1905, marika yalikuwapo, na nywele za morani zilikuwapo. Huko Kenya, katika miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilijaribu kuzivunja manyata na kuufupisha umorani, kwa kuwa iliona ndani yake jeshi lisilokuwa chini ya amri yake. Hilo halitushangazi, maana mkoloni alikuwa na sababu ya kuogopa.

La kufikirisha zaidi ni mambo yetu wenyewe. Tarehe 10 Desemba 1962, katika hotuba yake ya kuanza kazi ya Urais, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, ili wananchi wapate tena kujivunia yaliyo yao. Lakini haikupita miaka mingi, na katika 1967 na 1968 viongozi katika Mkoa wa Arusha waliendesha operesheni ya mavazi dhidi ya Wamasai. Waliwataka waache ngozi na lubega, waache kujipaka udongo mwekundu, na morani waache misuko yao. Hatusemi kwamba nia ilikuwa mbaya. Viongozi wale walitaka usafi na maendeleo, tena walichukizwa kuona raia wa Jamhuri wakifanywa kivutio cha watalii. Ilikuwa ni miaka ya amri za namna hiyo. Mnamo Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ya kupiga vita vimini, mawigi na suruali za kubana mijini kuanzia tarehe 1 Januari 1969.

Kosa la operesheni ile, kwa maoni yetu, halikuwa kutaka nywele zikatwe. Wamasai wenyewe huzikata. Kosa lilikuwa kudhani kwamba nywele zile hazina siku yake, na kwamba pasipokuwa na amri ya serikali hazingekatwa kamwe. Aliyenyolewa kwa amri kabla ya wakati hakuvuka kwenda utu uzima. Alipoteza alama ya ujana asipewe alama ya uzee. Mtu wa namna hiyo huaibika, na mtu aliyeaibishwa hajengi taifa. Ndiyo maana amri ile haikudumu, na eunoto imedumu. Wala hatusemi kwamba kila desturi haiguswi. Sheria ya mwaka 1998 iliyokataza kuwakeketa wasichana walio chini ya miaka 18 ni ya haki, kwa kuwa inazuia madhara yasiyoponyeka. Serikali yenye busara hupima: hili lamdhuru mtu, hili lamlea.

Mfano ulio karibu unatoka kwa jirani zetu wa Kenya. Wapiganaji wa Mau Mau walifuga nywele msituni, na uhuru ulipopatikana Desemba 1963 wengi walitoka wakazikata. Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefikia cheo cha Fildi Masho, alikataa kuzikata zake. Alisema matunda ya uhuru aliyoyapigania hayajaonekana. Alikaa nazo hata Aprili 2022, ndipo zilipokatwa mbele ya watu na Mama Ngina Kenyatta, mjane wa Rais wa kwanza. Mwaka uliofuata Muthoni akafariki. Twaona basi kwamba Mkikuyu yule, bila ya kuifuata eunoto, alikuwa na fikira ile ile: askari hajinyoi, husubiri anyolewe na wale aliowapigania.

Leo hatari ya desturi hii haitoki tena kwenye amri. Inatoka sokoni. Vijana wengi wa Kimasai wamekwenda mijini, Arusha, Dar es Salaam na Unguja. Wengine ni walinzi. Wengine wameugeuza ufundi wa kusukana kuwa kazi, na leo akina mama wa Dar es Salaam wanawajua Wamasai kuwa wasusi hodari. Hatuoni aibu katika kazi hiyo, ingawa wako wazee wanaoiona. Ni jasho la halali, na ni ufundi uliotoka nyumbani. Lakini wako pia wanaofuga nywele kwa ajili ya mgeni wa hotelini na kamera yake. Nywele hizo hazina walezi juu yake, hazina rika, wala hazina siku ya kunyolewa. Mwenye nywele hizo aweza kufikia miaka 40 akiwa bado anaitwa morani, akiimba wimbo wa ujana kila jioni kwa ujira. Operesheni ya 1967 ilikata nywele kabla ya siku yake. Soko linaifuta siku yenyewe. Mtu anaweza kuibiwa utu uzima kwa njia zote mbili.

Shule nayo ina wembe wake. Katika shule zetu za serikali wanafunzi, wavulana kwa wasichana, huweka nywele fupi, na kijana wa Kakesio anayesoma sekondari hana nafasi ya kufuga misuko miaka mitano. Kwa sababu hiyo umorani umefupishwa, na sherehe nyingi hupangwa wakati wa likizo. Tangu 2022 ziko pia kaya zilizotoka Ngorongoro kwenda Msomera, Handeni, na huko nako patahitajika uwanja wa osingira na wazee wa kusema kwamba wakati umetimia. Mwaka 2018 Shirika la UNESCO, kwa maombi ya Kenya, liliziandika enkipaata, eunoto na olng'esherr katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Kuandikwa ni jambo jema, lakini orodha hainyoi mtu.

Walimu wanaofundisha historia na uraia wanaweza kuwauliza wanafunzi wao swali moja. Katika jamii yetu ya sasa, ni nani anayemwambia kijana kwamba ujana wake umekwisha, na anamwambiaje? Je, ni cheti? Ni mshahara wa kwanza? Ni ndoa? Au hakuna anayemwambia, naye akabaki kujitangazia mwenyewe? Wamasai wa Kakesio wamelijibu swali hili kwa vitu vichache: ngozi ya ng'ombe, maji, maziwa, wembe, na mama asimamaye nyuma ya mwanawe. Si lazima kila mmoja wetu atumie vitu hivyo. Lakini taifa linalotaka vijana wake wawe wazee wenye busara halina budi kuwa na siku yake ya kuwanyoa, na kuhakikisha kwamba anayeushika wembe siku hiyo ni mtu anayewapenda.